Sevisi ya gari yako hapa Tabora: ufanye mwenyewe uani, umpe fundi wa mtaani, au uipeleke gereji kubwa?

Ukinunua gari yako ya kwanza hapa Tabora, iwe IST iliyotoka Japani juzi au Premio uliyouziwa na mtu hapa hapa mjini, wiki ya kwanza unaiosha kila jioni, wiki ya pili mtu anakuuliza "umeshamwaga oili?" na hapo ndo maswali yanaanza. Jirani anakwambia sevisi ni kitu cha kufanya mwenyewe uani, bamkubwa ana fundi wake wa miaka mingi pale chini ya mwembe, kazini mtu anasema gari umeihangaikia miaka yote hiyo usimpe mtu asiyekuwa na risiti. Wote watatu wana hoja. Nawajua watu wa kila njia ambao gari zao zinatembea safi kabisa, na nimeona injini zikifa kwenye njia zote tatu, kwahiyo hapa sitakutajia mshindi. Ninachotaka ukione ni kwamba swali la "gari niipeleke wapi" linakuchelewesha, kwa sababu kila kazi ya gari ina mahali pake panapoifaa, na mwenye gari anayezigawa kazi zake vizuri anaweza kutumia njia zote tatu ndani ya mwaka mmoja na asipoteze hela.

Nitazipima zote kwa vitu vitano: hela inayotoka mfukoni, uhakika wa oili na spea zinazoingia kwenye gari, ujuzi na vifaa, muda wako, na la mwisho ambalo watu hulisahau, kitu kikiharibika unamshika nani. Kwangu mimi hilo la oili na spea lina uzito kuliko mengine yote. Ufundi mbovu kidogo unarekebishika kesho yake, lakini oili feki ikizunguka ndani ya injini miezi minne hakuna fundi wa kuirudisha injini ilipokuwa.

Kabla hatujaingia ndani, sevisi yenyewe ni nini? Sevisi ndogo ni kumwaga oili ya injini, kubadili oili filta, na kuangalia airkilina, tairi, maji ya rejeta, brek na betri. Kubwa inaongeza plagi, kulanti (maji maalumu ya rejeta), oili ya brek, oili ya gia boksi na filta nyingine. Wengi tunahesabu kilomita 5,000 kwa sevisi ndogo, na kwa mazingira yetu hiyo namba naiunga mkono hata kama kopo limeandikwa 10,000. Kiangazi chetu kuanzia Mei mpaka Oktoba ni vumbi tupu ukishaacha lami, ukienda vijiji vya Urambo au Sikonge kwenye tumbaku na asali airkilina inarudi rangi ya udongo, na watengenezaji wenyewe huandika kwenye vitabu vyao kwamba vumbi na safari fupi fupi ni matumizi magumu yanayotaka sevisi ya karibu zaidi. Hizo safari fupi ndo zinawadanganya wengi. Mtu anaishi Ipuli, kazini kwake mjini, gari haijapata moto sawasawa ameshazima, basi unyevu na mabaki ya petroli yanabaki ndani ya oili badala ya kuchemka yakaondoka, na mwisho wa mwezi dashibodi inasoma kilomita chache anajiona bado yupo salama. Mtu wa hivyo ahesabu miezi, miezi 6 ikifika amwage hata kama 5,000 haijafika. Anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi yeye miezi mitano tayari.

Na kama gari imetoka Japani usihesabu chochote, fanya sevisi kwanza. Fungua mlango wa dereva au boneti utafute stika ndogo ya Kijapani, mara nyingi ipo, maandishi hutayasoma ila namba utazisoma: kilomita na tarehe ya oili ya mwisho. Mwaka wameandika kwa kalenda yao, ukiona R5 jumlisha 2018 unapata 2023, ukiona H30 jumlisha 1988 unapata 2018. Hapo utajua gari imekaa na oili ile ile muda gani, ikiwa yadi, ikiwa kwenye meli, mpaka imekufikia.

Haya, njia ya kwanza.

KUFANYA MWENYEWE UANI

Hela. Watu wanadhani hapa ndo kuna akiba kubwa, sio kweli sana. Bei ya oili na filta ukinunua mwenyewe ni ile ile uipeleke gari popote, na hizo ndo zinakula sehemu kubwa ya bili ya sevisi ndogo. Unachookoa ni ufundi, af mwanzoni unatakiwa ununue jeki nzuri, stendi mbili, spana namba 14 kwa Toyota nyingi ndogo, renchi ya filta, faneli na beseni la kumwagia. Kwahiyo faida ya hela inakuja taratibu, baada ya sevisi kadhaa.

Uhakika wa oili na spea. Hapa njia hii haina mpinzani, maana wewe ndo umeenda dukani, umelishika kopo, umelifungua. Lakini uhakika huo una thamani kama unajua kusoma kopo, na hili nitalisema kwa kirefu maana linakuhusu hata ukiamua kumpa fundi. Geuza kopo nyuma utafute herufi za API, alama ya kiwango cha ubora wa oili. Kwa injini za petroli zinaanza na S, ya pili inavyoenda mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya: SN ni ya 2010, SP ni ya 2020. Bado madukani kuna makopo yameandikwa SF, hicho ni kiwango cha injini za 1988 kurudi nyuma, hakikutengenezwa kwa injini yako ya VVT-i (ile ya Toyota inayorekebisha yenyewe muda wa valvu), na ndo maana bei yake inakuvuta. Baada ya hapo angalia namba ya uzito. 5W-30 maana yake ile 5W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, na 30 inaeleza unene wake injini ikishapata moto. Injini ya 1NZ-FE ya kwenye IST za mwanzo 5W-30 inaifaa kabisa, inaingia kama lita 3.7 ukibadili na filta, kopo la lita 4 linatosha na kidogo kinabaki cha kuongezea. Ya kopo feki ni hivi: kagua kama sili ya kifuniko haijaguswa, namba ya toleo imepigwa vizuri haifutiki kwa kidole, na bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote usinunue. Ukimaliza kulitumia litoboe kopo. Makopo mazima yanaokotwa yanajazwa upya, tukiyatoboa wote hawa jamaa watakosa mtaji.

Ujuzi na vifaa. Kazi za uani zinajulikana: oili na filta yake, airkilina, filta ya AC ambayo kwenye Toyota nyingi ipo nyuma ya kile kidroo cha mbele ya abiria, waipa, balbu, kusafisha vichwa vya betri, upepo wa tairi. Hizi mtu yeyote makini anaziweza, dada, kaka, mstaafu, yeyote. Ila kuna sheria moja ambayo naomba uishike kuliko zote kwenye maandishi haya: usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Hata sekunde moja. Jeki inanyanyua, stendi ndo zinashikilia, handbreki juu, mawe au vipande vya mbao kwenye matairi ya nyuma, na sehemu yenyewe iwe ngumu, sio mchanga wa uani ambao stendi inazama. Kama ua wako ni mchanga mtupu hii njia kwako ibaki kwa kazi za juu tu.

Yaliyobaki ni umakini. Oili itoke ikiwa vuguvugu, sio ya moto ya kuunguza. Filta ya zamani ikitoka hakikisha mpira wake umetoka nayo haujabaki kwenye injini, maana ukifunga mpya juu ya mpira wa zamani oili itamwagika yote barabarani. Mpira wa filta mpya upake oili kidogo, kaza kwa mkono. Bolti ya sampu, ile ya kutolea oili chini ya injini, watu wanaikaza kwa hasira mpaka nyuzi zinakufa, ikaze kiasi na weka washa (kipete cha bolti) mpya. Washa injini dakika moja, chungulia chini kama kuna tone, zima, subiri kama dakika tano mpaka kumi, gari ikiwa imesimama sawasawa, vuta dipstiki, ifute, irudishe, ivute tena usome. Iwe kati ya alama mbili, kuelekea ya juu. Kuzidisha nako ni kosa.

Muda. Mara ya kwanza itakula asubuhi nzima ya Jumamosi, ukizoea saa moja inatosha. Hesabu pia muda wa kupeleka oili chafu, usiimwage kwenye mtaro wala kwenye shimo la takataka, visima vyetu vinanywa kutoka kwenye ardhi hiyo hiyo. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, gereji nyingi zinapokea kwenye mapipa yao.

Unamshika nani. Wewe. Hakuna risiti ya kazi, hakuna shahidi, kwahiyo anza daftari: tarehe, kilomita, oili gani, filta gani, na risiti za dukani zibane humo humo. Siku ya kuuza gari hilo daftari linaongea.

Inamfaa mtu mwenye ua wenye sakafu, anayependa kujua gari yake ndani nje, na mwenye subira. Haimfai mwenye mgongo mbovu wala anayefanya kwa haraka.

FUNDI WA MTAANI, CHINI YA MWEMBE

Hela. Ufundi wake ni nafuu, anaelewana, ukimwambia mwisho wa mwezi nitamalizia anakubali. Panapovuja ni kwenye spea. Ukimpa hela akanunue, mara nyingi kuna cha juu pale, yeye na mwenye duka wanajuana. Simlaumu sana, watu tunambana bei ya ufundi mpaka habaki na kitu, kwahiyo anajilipa kwingine. Mlipe ufundi wake kwa heshima na umwambie wazi vitu unanunua mwenyewe, mtaelewana.

Uhakika wa oili na spea. Ukimwachia kila kitu, hapa ndo dhaifu kuliko njia zote. Ukienda na oili na filta zako mkononi, inakuwa sawa sawa na ya uani. Simama hapo, kopo lifunguliwe mbele yako, filta ya zamani uione ikitoka kwa macho, kopo tupu uondoke nalo. Na utaambiwa "bosi joto la huku linataka oili nzito, weka 20W-50". Kama injini ni ya zamani, imechoka na inakula oili, fundi anaweza kuwa na sababu. Kwa gari nzima ya VVT-i, mfumo ule unatumia presha ya oili kupita kwenye njia nyembamba, na asubuhi zetu za Juni na Julai sio za joto, oili nzito inachelewa kufika juu. Baki na ilichoandika kitabu cha gari.

Ujuzi na vifaa. Watu wanaodharau mafundi wa chini ya mwembe hawajawaona wakifanya kazi. Kwenye miguu ya gari, yaani shokapu, bushi, boljointi, taerodi, beringi za tairi, hawa ndo wazoefu, kwa sababu kila siku wanapokea Probox zilizotoka Kaliua na Noah zilizopiga mashimo ya vijijini. Anazunguka na wewe mtaa mmoja, anasikiliza, anakwambia bushi ya kushoto imekwisha, na anakuwa sahihi. Wengi wamepita VETA af wakakaa miaka chini ya fundi mkubwa. Ila fundi sio mmoja: kuna fundi injini, fundi umeme, fundi AC, fundi miguu, mnyoosha bodi. Fundi injini mzuri akikwambia "hata umeme naugusa", muulize mara mbili.

Na kuna sentensi moja ukiisikia chukua funguo zako: "haidroliki ni moja tu". Oili za gia boksi sio moja. IST za mwanzo zina gia boksi ya otomatiki ya gia 4 inayotumia ATF (oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida), Vitz nyingi za kuanzia 2005 na Passo nyingi za kuanzia 2010 zina CVT, yaani gia boksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, na CVT ina oili yake peke yake. Ukiweka ATF ya kawaida kwenye CVT mkanda wake wa chuma unateleza, gia boksi inaanza kulia na kutetemeka, na bei ya gia boksi unaijua. Aina imeandikwa kwenye kitabu cha gari, kwenye nyingine ipo hata kwenye kijiti cha gia boksi chenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwenye kikopo cha brek, pale inaingia oili ya brek ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kilivyoandika, oili ya aina nyingine inavimbisha mipira yote ya brek na siku hiyo utakanyaga pedeli iende mpaka chini.

Muda. Hana foleni ya makaratasi, unafika anaanza. Ila anapokea gari nyingine katikati ya yako, anamwachia saidia fundi akazie tairi, kwahiyo kaa hapo. Beba kiti, beba chai. Kabla hujaondoka zungukia nati za tairi zote mwenyewe.

Unamshika nani. Karatasi hakuna, jina lipo. Anakujua, anajua kwenu, mnasalimiana kila siku, na kwenye mji kama wetu fundi akiharibu gari ya mtu habari inafika Isevya kabla ya jua kuzama. Halafu kuna kitu ambacho gereji kubwa hawakupi: gari ikikuzimikia saa mbili usiku ukitoka Isikizya, unampigia anakuja na bodaboda na kibegi chake cha spana. Hiyo ni waranti ya aina yake, inajengwa kwa kumheshimu na kumlipa kwa wakati.

Inawafaa walio wengi, hasa wenye gari za kawaida za Toyota, kwa sharti kwamba wanunue vitu wenyewe na wawepo.

GEREJI KUBWA YENYE OFISI

Hela. Hapa ndo ghali, unalipia jengo, mashine, wafanyakazi, na kama imesajiliwa VAT kodi hiyo ipo ndani ya bili. Omba makadirio ya maandishi kabla gari haijaguswa, na sema kabisa: kikionekana kitu kingine nipigieni simu kwanza. Bila hilo neno bili inaweza kukua ukiwa ofisini.

Uhakika wa oili na spea. Kwa ujumla uko juu, wananunua kwa risiti na wana jina la kulinda. Lakini usiamini jengo. Wengine wanatumia oili ya pipa, uliza ni aina gani na namba ngapi, waandike kwenye bili. Spea halisi pia zinaagizwa Dar au Mwanza, kwahiyo gari inaweza kulala pale siku kadhaa ikisubiri kitu kidogo tu.

Ujuzi na vifaa. Hapa ndo wanakula hela yao kihalali. Wana lifti, wana mashine ya kupima gari, wana alaimenti (ya kunyoosha mwelekeo wa tairi), wana ya gesi ya AC, wana toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Taa ya injini ikiwaka njano kwenye dashibodi na gari imebadilika tabia, kupapasa hakusaidii, ipimwe. Vile vidude vya bei ndogo vya kuchomeka chini ya usukani vikaongea na simu vinasaidia kwenye gari mpya mpya, kwenye Toyota nyingi za zamani za soko la Japani vinasoma nusu au havisomi kabisa.

Ila mashine inataja kosa, haitaji kitu cha kununua. Chukua namba ya kosa P0171: inasema hewa imezidi mafuta. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi kwa sababu airkilina ilikuwa imechoka au haikufungwa vizuri, au presha ya petroli imeshuka. Huku kwetu kwenye vumbi ningeanzia kwenye airkilina na ile sensa. Gereji inayokupa orodha ya kununua dakika mbili baada ya kuchomeka mashine haijafanya uchunguzi, imesoma tu. Uliza "mmejuaje kuwa ni hiki?" Fundi mzuri atafurahi kukueleza.

Muda. Unaacha gari asubuhi, unaichukua jioni au kesho, unaendelea na kazi zako. Kwa mwajiriwa ni nafuu kubwa. Tatizo ni kwamba huku kwetu chaguo ni chache, na kwa kazi nyingine nzito watu wanafunga safari mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 300.

Unamshika nani. Karatasi. Risiti ya EFD, bili yenye kilomita na tarehe, na meneja wa kumwona. Kazi ikirudi mbovu unaenda na ushahidi mkononi. Historia hiyo inasaidia ukiuza gari, na gari ya ziro kilomita yenye waranti haina mjadala, fuata masharti ya waranti mpaka iishe.

Inawafaa wenye gari za kisasa zenye umeme mwingi, magari ya ofisi na miradi, haibridi, na asiyekuwa na muda wa kusimama chini ya mwembe. Haina maana sana kuipeleka IST huko kwa ajili ya kupuliza airkilina.

SASA UKIZIGAWA KAZI

Mimi ningegawa hivi. Vitu vya kuangalia kila wiki havina fundi, ni vya mwenye gari: oili kwenye dipstiki, kulanti kwenye kile kikopo cha pembeni (mfuniko wa rejeta yenyewe usiufungue injini ikiwa ya moto, itakuunguza uso), upepo wa tairi asubuhi kabla hujatembea kwa psi zilizoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Bonyeza tairi uone kama limekauka na kupasuka, na soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilizopigwa ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka.

Hapa niongeze kitu cha Tabora hasa. Tunapaki chini ya miembe, kivuli ni kitamu, lakini majani na maua yake yanajaa pale chini ya waipa, yanaziba njia ya maji, mvua za Novemba zikianza maji yanakosa pa kupita yanaingia ndani ya gari kwenye miguu ya abiria. Zoa kwa mkono kila mara. Hii kazi hakuna gereji itakukumbusha.

Sevisi ndogo nenda uani au kwa fundi, oili ukiwa umenunua mwenyewe. Miguu ya gari, fundi wa mtaani. Brek ni kwa mtu unayemwamini kuliko wote, popote alipo, na oili ya brek ibadilishwe kila miaka miwili maana inafyonza unyevu. Kulanti weka kulanti kweli, maji ya bomba yanaleta kutu na kuziba rejeta. Taa za dashibodi, gia boksi ya CVT, AC na alaimenti, gereji yenye mashine.

UNAANZIA WAPI, KUTEGEMEA HALI YAKO

Kama gari imetoka bandarini na hujui historia yake, anzia gereji yenye mashine hata kama utapaendea mara moja tu, ipimwe yote, upewe orodha ya maandishi ya kilichochoka. Halafu hiyo orodha ndo uende nayo kwa fundi wa mtaani ukapunguze moja moja kulingana na mshahara, ukianza na brek na tairi.

Kama umeinunua hapa hapa kwa mtu, muulize fundi wake ni nani ukaongee naye. Fundi aliyeihudumia gari miaka mitatu anajua magonjwa yake, na ukiendelea naye unarithi hiyo kumbukumbu bure.

Kama ni ya kubebea abiria au mizigo kila siku, kilomita 5,000 zinafika haraka sana, gharama ya gereji kubwa itakumaliza. Tafuta fundi mmoja, nunua oili kwa katoni kwenye duka moja unaloliamini, muwekeane ratiba. Gari kulala siku moja kwako ni hela imepotea, kwahiyo kila akimwaga oili akague na miguu na mikanda hapo hapo.

Kama upo Urambo, Sikonge au Kaliua, mbali na mashine, jifunze za uani hata kama hupendi. Airkilina na oili filta za akiba zikae ndani ya buti, na safari ya kuja mjini kikazi iunganishe na kupima gari.

Kama wewe ni dada au mama ambaye ukifika gereji mafundi wanaanza kuongea na kaka uliyekuja naye badala ya wewe, nenda na daftari lako lenye kilomita na namba ya oili, uliza mwenyewe, lipa mwenyewe. Asiyekujibu wewe mwenye gari hana sababu ya kushika funguo zako, na wapo mafundi wengi tu mjini hapa wanaoeleza vizuri.

Na kama huna mtu yeyote unayemwamini bado, usianze na kazi kubwa. Mpe fundi mpya kazi ndogo kwanza, labda kuhamisha tairi za mbele kwenda nyuma, kaa pale uangalie kama anapanga nati zake sehemu moja, kama anakaza tairi kwa mfumo wa msalaba na kurudia mara ya pili gari ikiwa chini. Akifanya hayo bila kuambiwa, mpe sevisi inayofuata.